Ombi Lisilotoka Ilagala

Kama kuna sifa iliyowahi kumpanda Yunisi kichwani, ni ya kasi. Watu wa Ilagala walisema mfumo wake unajibu kabla hujamaliza kuuliza, na yeye, binti wa mtaa wa Kasingirima aliyejifunzia kuandika programu kwenye kompyuta ya kuazima, aliimeza sifa hiyo nzima nzima bila kutafuna. Hakujiuliza hata siku moja inakuwaje mtandao unaosuasua mjini Kigoma ukimbie vile ukifika Ilagala, ambako mtu akitaka kupiga simu hutafuta kwanza kichuguu cha kupanda. Angejiuliza, hadithi hii isingekuwapo, na ingekuwa heri.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kuwatafutia watu ndugu zao. Shirika dogo lenye ofisi ya vyumba viwili Ujiji, chini ya mzee mmoja aitwaye Adolf, lilikuwa limejitwika kazi ya kuwaunganisha Warundi waliopotezana walipokimbia. Kwenye kambi, upande huu wa ziwa na upande wa Kongo, walikuwako mawakala waliowaandikisha watoto na vijana waliobaki peke yao: jina, walipopotelea, wazazi wao ni kina nani. Wazazi nao wakaenda kwa mawakala wa vijijini kuuliza. Wao hawakuandikishwa popote, na hilo walilitaka wenyewe. Waliokimbia hawapendi kuandikwa. Walishaona majina yakiandikwa nyumba kwa nyumba, na walishaona kilichofuata.

Kazi ya Yunisi, ukiivua majina yake makubwa, ilikuwa ya kuuliza na kujibiwa. Wakala anaandika jina la anayetafutwa, kompyuta yake inatuma ombi, ombi linasafiri hadi kwenye seva, seva inatafuta na kurudisha jibu. Ombi la namna hiyo ni la kuuliza tu, haliachi alama ya aliyeuliza. Na seva nayo haimpigii mtu hodi. Inaweza kuwa na habari ya kumliza mama kwa furaha, lakini itakaa nayo kimya mpaka iulizwe.

Jina lisipokuwapo, seva hurudisha namba mia nne na nne, ambayo kwa watu wa kazi hiyo maana yake ni kwamba kilichoulizwa hakipo. Yunisi aliona ni ukatili kumwonyesha mama wa watu namba, akaweka neno badala yake. Mzee Adolf alipendekeza "Bado hajapatikana." Yunisi akaona ni refu mno kwa simu ndogo. Akaandika "Hayupo," na kwa anayepatikana, "Yupo."

Wakala wa Ilagala alikuwa Alphonce, mwenye kibanda cha fotokopi karibu na gulio, mtu mwema lakini hodari wa kulalamika. Alilalamika kwamba mfumo unamlia bando. Kila akifungua ukurasa, picha zilezile zinashuka upya, bando linakwisha, na wateja wanamtazama kana kwamba amewaibia. Alipiga simu, akatuma ujumbe, akapanda gari mpaka Ujiji kulalamika ana kwa ana.

Yunisi alimtafutia dawa. Kila jibu linalotoka kwenye seva hubeba juu yake mistari ambayo muulizaji haioni, inayoiambia kompyuta jibu hilo litunzwe vipi. Yunisi aliongeza mstari mmoja: hifadhi hili mwaka mzima, na ukiulizwa tena swali lilelile, toa ulicho nacho, usije kwangu. Alikuwa akiwaza picha, rangi za ukurasa, nembo ya shirika, vitu ambavyo havibadiliki. Lakini kutenganisha picha na majina kulitaka mchana mzima wa kukaa kitako, na jioni ile alikuwa anasubiriwa kwenye kitchen party ya rafiki yake. Akauweka mstari kwenye majibu yote. Alijiambia atarudi kutenganisha. Kesho yake Alphonce alipiga simu kushukuru, kwamba sasa mambo ni moto, na Yunisi hakurudi. Nani hurudi kurekebisha kitu kinachosifiwa?

Siku za gulio, kwenye benchi la Alphonce alikaa mama mmoja aitwaye Spesiosa. Alikuwa anauza mawese, na mikono yake haikuwa ikitakata ile rangi hata Jumapili ya kwenda kanisani. Alikuwa mjane. Mwaka ule watu walipojazana ufukweni Kagunga, mpakani na Burundi, wakisubiri kuletwa Kigoma, alikuwa na watoto wawili: mvulana, Havyarimana, aliyembeba mgongoni, na msichana, Gloriose, aliyekuwa ameshika kitenge chake. Watu walisukumana kuelekea kwenye boti. Spesiosa aliposimama tena sawasawa alikuwa ndani ya boti, kitenge kimechanika pembeni, na Gloriose hayupo. Mtu mmoja alisema amemwona akipandishwa boti nyingine. Mwingine alisema amemwona majini. Spesiosa alichagua kumwamini wa kwanza, akaishi na chaguo hilo mpaka yule mvulana wa mgongoni akaota ndevu.

Mara ya kwanza Alphonce aliandika jina, wakasubiri, kikaja kile kineno: Hayupo. Spesiosa akasema sawa, labda bado hajafika wanakoandikisha. Gulio lililofuata akarudi, safari hii jibu likaja mara moja. Akarudi tena, na tena. Wengine waliuliza majina mapya na baadhi yao walipata watu wao; kuna baba mmoja aligaragara mavumbini mbele ya kibanda kwa furaha mpaka akina mama wakamfunika. Kwa hiyo hakuna aliyeushuku mfumo. Ulikuwa unafanya kazi. Ulikuwa haufanyi kazi kwa anayerudia swali tu, na aliyekuwa na moyo wa kurudia swali miezi yote ile alikuwa Spesiosa peke yake.

Yunisi alimfahamu katika safari zake za Ilagala, akampenda. Spesiosa hakumwachia kamwe aondoke mikono mitupu. Alimfungia chupa ya mawese na kumwita mwana wanje, mwanangu kwa Kirundi. Yunisi alimwita mama, na hakuwa akimwita hivyo kwa adabu tu.

Ndipo Havyarimana akataka kuoa. Shemeji yake Spesiosa, Jean de Dieu, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo, akasema neno ambalo watu walikuwa wakilizunguka kwa muda mrefu. Familia haiwezi kucheza ngoma ya harusi juu ya msiba ambao haujafungwa. Kwa desturi yao kuna siku ya kuganduka, siku ya kumaliza matanga: watu wanakaa, mkubwa wa ukoo anasema, pombe inanywewa, waliofiwa wanarudishwa miongoni mwa walio hai, na baada ya hapo marehemu haliliwi tena. Gloriose hakuwahi kufanyiwa. Jean de Dieu hakuwa mtu mkali. Alisema mashine imeulizwa vya kutosha, na kumwacha mtoto aning'inie kati ya wazima na wafu ni kumtesa yeye na kuwatesa wao.

Spesiosa alikataa, akakataa tena, halafu akachoka. Alitoa sharti moja, kwamba asubuhi ya siku hiyo waulize kwa mara ya mwisho na Jean de Dieu awe shahidi. Walikwenda kwa Alphonce kukiwa bado na umande. Alphonce aliandika jina. Jibu lilikuja hata kidole hakijaondoka kwenye kitufe.

Yunisi alialikwa. Alifika mchana, watu wameshajaa uani, vibuyu vya pombe ya ndizi vimepangwa kivulini. Spesiosa alikuwa amenyolewa nywele na amevaa kitenge kipya. Alimwita Yunisi pembeni, karibu na jiko, akamshika mkono.

"Mwana wanje, mashine ni yako. Niulizie wewe, kwa simu yako hiyo. Kabla huyu mzee hajasimama."

Simu ilikuwa mkobani. Ilikuwa na bando, na pale uani kulikuwa na mtandao kidogo. Lakini Jean de Dieu alikuwa ameshaanza kukohoa kuashiria anataka kusimama, watu wanageuza viti, na Yunisi aliona kuwa kumpa yule mama tumaini jingine la dakika mbili ni kumchokonoa kidonda.

"Mama," alisema, "jibu ni lilelile, popote utakapouliza."

Spesiosa aliitika kwa kichwa, akaachia mkono wake. Jean de Dieu akasimama. Alisema maneno machache juu ya mtoto aliyekuwa anapenda kuimba na aliyeogopa bata, watu wakacheka kidogo, wakanywa. Yunisi naye alipewa kata, akanywa. Harusi ya Havyarimana ilifuata, na ilikuwa nzuri. Spesiosa hakuonekana tena kwenye benchi la Alphonce.

Mvua za masika zilikuwa zinaelekea kwisha Yunisi alipokwenda Ilagala kumpelekea Alphonce kompyuta mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imeanza kuzimika ovyo. Siku hiyo waya wa mtandao ulikuwa umekatika mahali fulani njiani na mkoa mzima ulikuwa hauna kitu. Simu zilikuwa vioo tu. Yunisi alisema basi, atamwachia kompyuta na kurudi siku nyingine kumwonyesha.

Alphonce hakuwa na haraka ya kuagana na ile ya zamani. Alisema hiyo mpya haijui, lakini hii ni jeshi, hii haijali mtandao. Yunisi alicheka, akamwambia hakuna mfumo wa namna hiyo. Alphonce akakaa, akafungua ukurasa, na vidole vikaandika jina vilivyolizoea kuliko majina yote.

"Tazama," alisema. "Kigoma nzima imezimika, ya kwetu inajibu."

Kwenye kioo kulikuwa kumeandikwa: Hayupo.

Yunisi alilitazama neno hilo, akatazama pembeni mwa kioo palipokuwa na alama ya kuonyesha kwamba mtandao haupo, akarudi kulitazama neno. Alimwomba Alphonce aandike tena, na jibu likaja tena, upesi, safi. Hakuhitaji kuambiwa. Kama hakuna njia ya kutoka Ilagala, basi ombi halikwenda popote. Na kama halikwenda leo, halikuwa limekwenda siku zile zote. Miezi yote ile yule mama alikuwa akisomewa jibu la siku ya kwanza, kutoka kwenye tumbo la kompyuta hiihii, na jibu hilo lilikuwa kweli kwa siku hiyo moja tu.

Alphonce alimuuliza kama anaumwa. Alisema hapana, akapanda gari kurudi mjini, na njia nzima alijiambia kwamba labda hakuna kilichobadilika, labda hayupo kweli. Alilishikilia hilo kwa mikono yote miwili. Ni jambo la kutisha kumkuta mtu mzuri akiomba mtoto wa mwenzake awe alikufa mapema.

Mtandao ulirudi kesho yake. Yunisi alikaa ofisini Ujiji, akaandika jina kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambayo ilikuwa haijawahi kuulizwa swali hilo. Jibu lilichukua muda wake. Likaja na namba mia mbili, ile inayosema nimekipata. Gloriose. Alipotelea Kagunga kwenye boti. Mama, Spesiosa. Mdogo wake, Havyarimana. Anaishi kambini ng'ambo ya ziwa. Alijiandikisha mwanzoni mwa kiangazi, muda mfupi baada ya Spesiosa kuuliza mara ya kwanza, na muda mrefu kabla ya Jean de Dieu kusimama uani.

Wakala wa kambi hiyo alikuwa mwanamke aitwaye Agnesi. Yunisi alimpigia, akamwambia kwamba mama yake Gloriose yupo, yupo Ilagala, mzima, anauza mawese.

"Dada," Agnesi alisema, "huyo binti tulimzika mvua zilipoanza. Kipindupindu."

Kisha akaeleza, bila kuulizwa, maana ilionekana jambo lilikuwa limemkaa kooni. Kwamba Gloriose alikuwa msichana mrefu, mcheshi, msusi wa nywele. Kwamba kila wiki alipita kuuliza kama kuna mtu amemuulizia. Na kwamba yeye Agnesi alitazama na kumjibu hakuna, kwa sababu hakuna kilichoonekana. Yunisi alimsikiliza. Asingeweza kumwambia kwamba hata maombi ya Spesiosa yangefika, Agnesi asingeyaona, maana ni yeye Yunisi aliyeujenga mfumo usiweke alama ya aliyeuliza, na kwamba hata hivyo ombi moja tu lingefika, Spesiosa angempata mwanawe. Na mvua hizo zilianza baada ya harusi. Wakati uani pale watu wanacheka habari ya bata, Gloriose alikuwa mzima ng'ambo ya maji, pengine anamsuka mtu.

Kuurekebisha ule mstari kulichukua muda wa kunywa chai. Hilo ndilo lililomuumiza Yunisi kuliko yote, kwamba lilikuwa jambo dogo namna ile. Alitenganisha picha na majina kama alivyokusudia tangu mwanzo, akawapigia mawakala wote wafute yaliyohifadhiwa, kisha akaingia kwa mzee Adolf na kumweleza yote, neno kwa neno, akiwa amesimama.

Mzee Adolf alivua miwani. Alimwambia afunge jalada la yule binti, amwandike marehemu, amwondoe kwenye mfumo. Kuhusu mama, alisema amwache. Ameshaomboleza, ameshamwoza mwanawe, ameshaanza kulala usingizi. "Unataka kumpelekea maiti ya pili," alisema. Hakuwa mtu mbaya, na Yunisi alijua wako wengi ambao wangesema kama yeye. Lakini alishamjibu yule mama mara moja kwa kumhurumia, na aliona matunda yake.

Alimkuta Spesiosa uani, yeye na mkwewe wanakamua mawese. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa furaha, akaletewa kigoda. Alisema ana neno la ndani. Waliingia, Spesiosa akasukuma mlango kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na mafuta. Yunisi alimweleza yote kwa maneno mepesi, tangu kitchen party mpaka simu ya Agnesi. Hakujificha nyuma ya mashine.

Spesiosa alisikiliza amesimama, mikono ameiacha mbali na nguo. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Asubuhi ile, tulipokwenda na shemeji. Mashine ilimuuliza nani?"

"Haikumuuliza mtu, mama. Ombi halikutoka Ilagala."

"Na mchana, nilipokushika mkono?"

"Ningeuliza kwa simu yangu, tungempata."

Spesiosa alikaa chini, polepole, sakafuni. Yunisi akaanza kulia, na kilio kilikuwa kinampanda kwa sauti. Yule mama alinyanyua mkono wenye mafuta akamziba mdomo.

"Usilie. Watasikia. Kwetu mtu akishagandukwa haliliwi tena. Nikilia leo watauliza namlilia nani, na nitamwambiaje Havyarimana, kwamba alicheza harusi dada yake yu hai?"

Kwa hiyo hawakulia. Walikaa sakafuni, na nje mkwe alikuwa akiimba wimbo wa kanisa huku anakoroga pipa. Yunisi alimwambia kwamba Gloriose alikuwa mrefu, mcheshi, msusi. Spesiosa akataka arudie, akarudia. Mwishowe aliuliza mashine inasemaje sasa mtu akimuulizia.

"Inasema yupo," Yunisi alisema. "Sijalifunga jalada lake. Mzee ameniagiza niandike kwamba amefariki."

"Yupo," Spesiosa alirudia, taratibu. "Uiache hivyohivyo."

"Mama, si kweli."

"Ile nyingine ilikuwa kweli?"

Yunisi alirudi Ujiji na mdomo wenye ladha ya mawese, kwa mara ya kwanza bila chupa. Mzee Adolf alipomuuliza kama ameshafunga jalada lile, alisema ameshafunga. Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kumwambia, na ulimtoka kirahisi.

Gulio lililofuata Spesiosa alirudi kwenye benchi. Alphonce, ambaye Yunisi alikuwa amemweleza na ambaye tangu hapo hakusifu tena chochote, alivuta kiti. Aliandika jina kwenye kompyuta mpya. Huko Ujiji, Yunisi aliliona ombi likiingia kwenye seva, la kwanza kufika kutoka Ilagala kwa jina hilo tangu lile la siku ya kwanza. Seva ililijibu yenyewe, bila kumhitaji. Jibu likachukua njia yake ndefu kurudi, na Alphonce anasema mama wa watu husubiri kwa utulivu, mikono mapajani, mpaka kioo kiandike Yupo, kisha humshukuru na kwenda kupanga chupa zake za mawese.